Mgeni njoo, mwenyeji apone: niliyoongea Moshi kuhusu maonyesho ya maua ya kimataifa

Haya ndo niliyoongea Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wa vikundi vya wenye vitalu na wauza maua wa Moshi, pamoja na wenzetu wa Arusha. Wengi hamkufika kwa sababu ya mvua na ile misiba miwili, mkaniomba niandike. Basi nimeandika yote kama nilivyosema, picha tulizoonyesha ukutani nimeziacha.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum.

Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa hapa mbele, mama zangu wa maua ya stendi, dada zangu wa mapambo ya harusi, vijana wa vitalu, na ninyi wa Arusha na Usa River mlioamka saa kumi alfajiri mkapanda Coaster na mvua hii, karibuni sana, asanteni kwa kuja.

Naomba nianze kwa kuuliza. Nani humu ndani amewahi kufanya kazi shamba la maua? Nyoosheni mikono juu niione. Naona ni wengi, hasa upande ule wa akina mama. Na mimi ni wa kwenu. Nimekata waridi miaka sita. Unaingia grinihausi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, una mkasi na glavu, unakata ua likiwa limefumba, limefumba kabisa kama ngumi ya mtoto mchanga, maana likishaanza kufunguka halifiki sokoni, unaliweka kwenye ndoo ya maji, linaenda kugrediwa, linapimwa urefu kwa sentimita, linafungwa, linaingia chumba cha baridi, linapanda gari, linapanda ndege, linashukia Aalsmeer kule Uholanzi kwenye mnada. Miaka sita! Sasa nawauliza ninyi mlionyoosha mikono, mmewahi kuliona lile ua likiwa limefunguka? Lilelile ulilolikata wewe kwa mkono wako?

(Mama mmoja akajibu kwa sauti, "Kamwe!")

Kamwe. Mama amesema kamwe. Linafunguka mezani kwa mtu tusiyemjua na sisi tuko hapa tunafumua mgongo.

Ndo maana nimeomba kuongea hii mada ya maonyesho ya maua ya kimataifa. Kwenye biashara yetu ya kila siku ua ndo linasafiri kumfuata mtu. Kwenye maonyesho, mtu ndo anasafiri kulifuata ua. Ua linakaa pale lilipopandwa, linafunguka palepale, na mgeni ndo anapanda ndege. Mnaona jinsi mambo yanavyogeuka? Hela ya nauli, hela ya chakula, hela ya kulala, zote zinaenda kule ua liliko.

Kwa wasiojua, haya maonyesho yana utaratibu wake. Kuna chama cha kimataifa cha wazalishaji wa maua na mimea, kifupi chake AIPH, kipo toka 1948, ndo kinatoa kibali, na yale makubwa kabisa yanapitishwa pia na ofisi ya maonyesho ya dunia iliyoko Paris. Yale makubwa yanatakiwa yawe na eneo lisilopungua hekta 50 na yaende miezi mitatu mpaka sita. Waholanzi walianza yao ya Floriade mwaka 1960 pale Rotterdam, wakajenga na mnara, Euromast, mpaka leo watu wanaupanda kuangalia mji, na toka hapo kila baada ya miaka kumi hivi mji mwingine wa Uholanzi ulikuwa unapokea. China wamefanya Kunming 1999 na Beijing 2019. Uturuki ni Antalya 2016. Doha wamefanya kuanzia Oktoba 2023 mpaka Machi 2024, jangwani jamani, maua jangwani! Yanayofuata ni Yokohama, Japani, Machi mpaka Septemba 2027. Afrika? Yale makubwa hayajawahi kufika hata mara moja. Hata mara moja.

Sasa msije mkafikiri nimekuja kuwaambia Moshi tuombe hekta 50. Hapana. Nimekuja kuwaambia hii miji ilipata nini, ipi ilipona na ipi iliumia. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui methali nyingine inayoeleza haya maonyesho vizuri kuliko hiyo. Swali langu leo ni moja tu na nitalirudia mpaka mlichoke: wageni wakishaondoka, mwenyeji amepona?

Tuanze na Wajerumani. Vita vimeisha 1945, miji imekuwa kifusi. Hannover ulipigwa mabomu vibaya sana. Kushikeni hapo, Hannover, nitaurudia huo mji baadaye. Mwaka 1951 Hannover hiyohiyo ikafanya maonyesho ya kwanza ya bustani ya taifa. Fikirini, watu nyumba hazijaisha kujengwa, na wao wanapanda maua! Wengine si wangewaita wendawazimu? Lakini baada ya hapo mji mmoja baada ya mwingine ukaomba zamu, na popote yalipoenda walikuwa wanapata paki, wanapata miti, wanapata mahali pa kukaa jioni na watoto. Mpaka leo wanaendelea nayo, karibu kila baada ya miaka miwili mji mwingine unapokea.

Twende Osaka, Japani, 1990. Lile eneo la Tsurumi lilikuwa linatupwa taka na udongo uliochimbwa wakati wa kujenga reli ya chini ya ardhi. Dampo. Wakalifunika, wakapanda, wakaalika dunia, wakaja watu zaidi ya milioni 23. Wageni wakaondoka. Mwenyeji amepona? Amepona. Ile paki ipo, ile nyumba kubwa ya vioo yenye mimea ya nchi za joto na ya nchi za baridi ipo, watoto wa shule wanaenda mpaka leo. Dampo jamani!

Sasa Liverpool, Uingereza, na hapa naomba msisinzie hata kidogo. Mwaka 1981 Liverpool kulikuwa na machafuko makubwa mtaa wa Toxteth, vijana hawana kazi, bandari imelala. Serikali ikasema tulete maonyesho ya bustani. Wakachukua eneo kando ya mto Mersey, lilikuwa dampo na maghala ya mafuta, wakalisafisha kwa muda mfupi, na Mei 1984 Malkia akaja kufungua. Walikuja watu zaidi ya milioni 3. Kwa miezi mitano mji ulichangamka ambavyo haujachangamka miaka mingi. Oktoba wakafunga. Halafu? Halafu hakukuwa na aliyejibu lile swali letu. Nani atamwagilia? Nani atafyeka? Hela ya mtunza bustani inatoka wapi? Eneo likapita mkono huu na mkono ule, sehemu ikawa ya michezo, ikafungwa, na bustani za Wajapani na Wachina walizojengewa zikaliwa na magugu miaka na miaka, mpaka 2012 ndo sehemu yake ikafunguliwa tena. Karibu miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku ya ufunguzi kashaoa ndo bustani inarudi.

Mimi Liverpool sijafika, ila hilo jambo nalijua kwa mwili wangu. Kuna maonyesho fulani huku kwetu, sitayataja, niliombwa nipande vipando. Nikaweka miche mia nne, marigodi, petunia, salvia, nikabeba samadi kwa toroli, nikalala palepale siku tatu namwagilia kwa keni. Watu wakapiga picha wiki nzima, viongozi wakapita, wakanipongeza, nikapewa na cheti. Baada ya wiki mbili nikarudi kuchukua shedineti yangu, ule wavu wa kivuli. Nilikuta mbuzi. Mbuzi kumi na moja nimewahesabu, na mabomba ya maji yameng'olewa. Nilikaa chini pale kwenye jiwe nikashindwa hata kuwafukuza. Kwa hiyo nikiuliza wageni wakiondoka mwenyeji amepona, nauliza nikiwa na uchungu kweli.

Na msidhani matajiri hawakosei. Almere, Uholanzi, 2022. Mji mpya kabisa, uko juu ya ardhi iliyokuwa chini ya maji, wakayakausha. Walipanga vizuri mno, miti na maua yamepangwa kwa alfabeti, unaanza A unatembea mpaka Z, mimi hiyo naipenda mpaka leo. Walitegemea watu zaidi ya milioni 2 na hata milioni moja hawakufika. Hasara ikawa kubwa hadi uongozi wa mji ukajiuzulu mwaka huohuo. Lakini sikilizeni, toka mwanzo walikuwa wameshaamua kwamba lile eneo likiisha maonyesho linakuwa mtaa wa watu kuishi, na miti inabaki. Hela ilipotea na miti ipo. Ukinipa nichague kati ya kujaza watu kama Liverpool halafu niache pori, na kukosa watu kama Almere nibaki na miti, mimi nachagua miti. Najua wahasibu wetu hapa hawakubaliani na mimi, tutaongea wakati wa chai.

Sasa jamani nisogee nyumbani, na hii ndo sehemu iliyonifanya nisilale.

Nikiwa kule shambani, siku moja alikuja mgeni wa Kijerumani kuangalia mazao. Anaondoka, akanipa kisufuria kidogo cha plastiki kina ua la zambarau, majani manene yana manyoya kama kitambaa cha mahameli, na kalebo kameandikwa Usambaraveilchen. Mimi Kijerumani sijui. Ila neno Usambara nalijua! Nikamuuliza, hii Usambara ni ile ya kwetu? Akacheka, akasema ndiyo, ni ya kwenu.

Nikaanza kutafuta. Kumbe mwaka 1892, wakati wa Wajerumani, mtawala wao wa pale Tanga aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire aliliona hilo ua kwenye misitu ya huko, akatuma kwa baba yake Ujerumani. Baba akampelekea Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen, na Herrenhausen iko wapi? Iko Hannover! Ule mji niliowaambia mshike. Mwaka 1893 Wendland akalipa jina, Saintpaulia, jina la yule mtawala na baba yake. Na mwaka huohuo wa 1893 likapelekwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya maua pale Ghent, Ubelgiji, watu wakalishangaa kuliko karibu kila kitu kingine kilichokuwepo. Kampuni ya mbegu ya Benary ya mji wa Erfurt ikaanza kuuza mbegu zake. Leo hilo ua liko madirishani kwa mabibi wa Ulaya na Marekani, Wamarekani wana chama chao cha kulitunza toka 1946, wana aina zake maelfu kwa maelfu.

Ua la Tanga lilienda maonyesho ya kimataifa 1893. Mpandaji hakwenda. Msambaa aliyejua linaota kwenye jabali gani, kivuli gani, hakuna aliyeandika jina lake. Mnaniuliza Tanzania imewahi kushiriki maonyesho ya maua? Imeshiriki kabla hata haijaitwa Tanzania! Ila wageni walipoondoka Ghent, aliyepona ni nani?

Na halipo peke yake. Isale. Nani hapa hajui isale? Mchagga akikukosea akataka msamaha wa kweli anakuja na jani la isale, na ukilikataa umejitafutia lawama za ukoo mzima. Isale ndo mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, isale iko makaburini kwa babu zetu. Sasa nendeni mkaangalie kwenye maofisi ya Dar, kwenye mabenki, kwenye viwanja vya ndege, lile jani refu lenye mistari myeupe ni ndugu yake isale, wanaliita Dracaena, na aina moja ilipewa jina la deremensis kwa sababu ilichukuliwa Derema, kule Usambara Mashariki. Tunanunua kwenye chungu cha kauri kitu ambacho bibi anakichomeka mpakani bure!

Na mlimani kwetu kuna kaua kadogo, kekundu na njano, kana mkia umejikunja, Impatiens kilimanjari, dunia nzima kanaota kwenye mlima huu tu. Wapagazi wanakaona kila siku msituni. Tafadhali vijana wa vitalu, nimewaona mmeanza kuandika, msiende kung'oa hifadhini, ni kosa na ni dhambi. Nakataja ili mjue tuna nini. Saintpaulia wala huna haja ya kwenda msituni, ukipata mche mmoja kwa mwenye kitalu unachukua jani moja na kikonyo chake unachomeka kwenye udongo mwepesi, kivulini, linazaa miche. Mimi kile kisufuria changu kimezaa zaidi ya sitini.

Niseme kidogo kuhusu Kunming halafu nimalize na la kwetu. Kunming si mji mkuu wa China. Uko juu, mita kama 1,900, hali ya hewa nzuri mwaka mzima, kama Arusha vile, ndugu zangu wa Arusha mnanisikia? Pembeni yake kuna kijiji kinaitwa Dounan, walikuwa wakulima wa mboga, miaka ya themanini mwanzoni wakaanza kujaribu maua, gladiolasi, wakawa wanauza mjini. 1999 maonyesho ya dunia yakaja Kunming, watu zaidi ya milioni 9. Leo Dounan ndo soko kubwa la maua ya kukata kuliko yote Asia. Walianza na kitalu cha mtu mmoja aliyechoka kulima mboga. Arusha mna Tengeru, mna watafiti wa mbogamboga na matunda palepale, ofisi za TAHA, chama cha wakulima wa maua, mboga na matunda, ziko kwenu, mna viwanja vya Nane Nane pale Njiro ambavyo watu wameshazoea kwenda kuangalia vipando, na AFCON ya 2027 inakuja na uwanja mnajengewa. Wageni wanakuja, watake wasitake watapita barabarani. Watayaona maua gani? Ya plastiki?

Na hapo kwenye plastiki naomba mnivumilie. Nenda makaburini kwetu Januari. Mashada ya plastiki yamefifia, yamepasuka, mvua imeyasomba mpaka kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, yanaziba maji ya watu. Sisi watu wa Moshi, tunaosifiwa usafi nchi nzima! Tumezungukwa na udongo wa volkano, tuna maji ya mlima, na tunamzika mama yetu na ua la kiwandani lililokuja na meli. Mimi hilo linaniuma.

Basi la kwetu ni hili. Sisi hatuhitaji kualika wageni, wageni tunao. Kila Desemba nchi nzima inajua Wachagga wanarudi nyumbani. Mabasi yanajaa, bei za nauli zinapanda, Dar inabaki tupu. Wanakuja, wanachinja, wanabatiza, wanaoa, wanazika, wanaondoka. Mji unabaki na nini? Chupa!

Napendekeza Desemba hii tufanye maonyesho yetu ya kwanza, siku kumi, na tufanyie kwenye lile korongo letu tunalolijua wote, linalotupwa taka. Mwenyekiti wa mtaa ameshatuandikia barua ya kukubali, ninayo hapa. Na tusipande bustani ya kuigiza Ulaya. Tupande kihamba. Kihamba cha Kichagga pale Shimbwe Juu FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walishakitambua toka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na sisi tunakiona ni shamba la bibi tu. Juu mringaringa, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini magimbi, pembeni isale, na humo katikati kivulini tuweke Saintpaulia zetu zikiwa na jina la Usambara na la Kisambaa. Kila mmea uwe na kibao, jina la kienyeji kwanza.

Kijana mmoja ameniuliza pale nje, mzee, maji? Maji tumepima, kuna mfongo wa zamani unapita juu yake, umezibwa na taka, tukiuzibua unashuka wenyewe. Mbuzi? Uzio wa michongoma, na kila kikundi kina wiki yake ya zamu mpaka Juni, majina yamebandikwa ukutani, kama jina lako halipo usiondoke. Hela ya kiingilio yote ya mwaka wa kwanza inamlipa mtunza bustani mmoja kwa miezi kumi na mbili. Mmoja tu. Liverpool walikosa huyo.

Mama mmoja ameniambia, mwanangu, korongo ni dogo, watatucheka. Mama yangu, yale maonyesho ya Ghent, yaleyale yaliyokuja kulipokea ua letu, mnajua yalianzaje? Mwaka 1809, kwenye nyumba ya wageni inaitwa Frascati, mimea kama hamsini imepangwa ndani. Hamsini! Wewe mama peke yako unayo mingi kuliko hiyo pale barazani kwako.

Tunaanza Jumamosi ijayo saa moja asubuhi. Njooni na majembe, reki, viroba na buti, wenye vibajaji tutawaomba mtusaidie kusomba taka. Kitu cha kwanza tunachopanda ni isale, kuzunguka korongo lote, kabla ya ua lolote. Mama yangu amekata vipandikizi tangu juzi, viko kwenye ndoo mbili za bluu pale mlangoni, mkitoka kila mtu achukue kimoja akakae nacho kwenye maji mpaka siku hiyo.